Nodi iliyopogolewa ni nodi kamili

Kila mara nakutana na mtu anayetaka kuendesha nodi yake mwenyewe ya Bitcoin, yaani programu inayokagua kila malipo ya sarafu hii ya kidijitali, na karibu kila mara anakwama palepale: diski. Amesoma mwongozo, mwongozo umemwambia blokucheni, yaani daftari la malipo yote ya Bitcoin tangu mwanzo, imeshapita GB 600, anunue diski ya TB 2 asije akahangaika baadaye. Anaitazama kompyuta yake mpakato yenye GB 256, nusu imeshajaa picha na kazi, anaufunga ukurasa. Mwisho wake anatumia programu ya simu inayoiuliza seva ya mtu mwingine: nina kiasi gani? Na jibu lolote atakalopewa, ataliamini.

Hili linaniuma, kwa sababu mtu huyo hakuhitaji TB 2. Hakuhitaji hata GB 50. Alihitaji mstari mmoja tu ndani ya bitcoin.conf, faili ya mipangilio ya nodi: prune=550.

Mstari huo unaiambia nodi ifute bloku za zamani, yaani kurasa za daftari, ikishazikagua, na kubakiza za karibuni tu, MB 550 hivi. Mimi naiita kazi hiyo kupogoa, kwa maana ileile ya mkulima anayekata matawi ili shina libaki na nguvu. Na msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa kawaida, kupogoa ndiko kungepaswa kuwa ushauri wa kwanza, si mbinu ya dharura ya mwenye diski ndogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli. Lakini kulikagua daftari ni kazi moja, na kulitunza kurasa zote ni kazi nyingine. Tumezichanganya hizi mbili kwa miaka mingi, na tumewapoteza watu wengi kwa kosa hilo.

Tazama nodi inavyofanya kazi. Ukiiwasha mara ya kwanza, inaanza na bloku ya Januari 3, 2009, kisha inasonga mbele bloku moja baada ya nyingine. Inahakikisha kwamba hakuna sarafu iliyotumika mara mbili, kwamba wachimbaji, wale wanaotengeneza bloku mpya, hawakujilipa zaidi ya haki yao, kwamba saini ni halali. (Saini za kabla ya bloku fulani iliyotajwa ndani ya programu yenyewe, programu huziruka kwa chaguo-msingi ili kuokoa muda; ukitaka ikague zote bila kuacha hata moja, andika assumevalid=0 na uwe na subira.) Wakati huo diski inajaa vitu vya aina mbili. Kwenye folda ya blocks zinapangana faili za blk, kila moja karibu MB 128, na pembeni yake faili za rev zinazosaidia kurudi nyuma ikibidi. Kwenye folda ya chainstate kuna orodha ya salio zote ambazo bado hazijatumika, yaani ile UTXO.

Bloku ikishakaguliwa, matokeo yake yote yameshaingia kwenye orodha hiyo. Muamala mpya ukifika, nodi haiendi kufukua bloku za 2013 kuuliza kama sarafu ipo. Inaangalia orodha. Ipo au haipo, basi.

Sasa bloku ya zamani inabaki ya nini? Kuwapa wageni wanaoanza leo, kutafuta historia ya pochi ya zamani, na kujikinga pale mnyororo wa bloku unapogawanyika na upande mmoja ukaachwa. Kwa hilo la tatu, nodi iliyopogolewa hubakiza bloku 288 za mwisho, sawa na siku mbili hivi. Machi 2013, mnyororo ulipogawanyika kwa sababu matoleo mawili ya programu yalitofautiana kuhusu bloku moja, upande ulioachwa ulikuwa na bloku 24. Siku mbili ni akiba ya kutosha.

Wala wazo hili si geni. Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, aliligusa kwenye waraka wa 2008, katika sehemu inayohusu kurudisha nafasi ya diski. Alipiga hesabu kwamba vichwa vya bloku pekee, yaani muhtasari wa kila bloku, baiti 80 kila kimoja, vingechukua MB 4.2 kwa mwaka. Mwaka 2025 mnyororo ulipita bloku laki tisa. Zidisha kwa 80, unapata MB 72. Uti wa mgongo mzima wa Bitcoin unaingia kwenye simu bila kusukumana na chochote. Mwaka 2013 toleo la 0.8 la programu kuu ya nodi (leo Bitcoin Core), kwa kazi ya mtengenezaji programu Pieter Wuille, liliipa orodha ya salio hifadhi yake yenyewe. Mwaka 2015 toleo la 0.11 likaruhusu kufuta bloku za zamani, na 2016 toleo la 0.12 likafanya pochi iweze kuishi pamoja na kupogoa. Ni kitu kilichokomaa, kina zaidi ya miaka kumi.

Kuna jambo moja la kusema wazi ili mtu asidanganyike: kupogoa kunaokoa diski, hakuokoi bando. Bloku zote zitashuka kwenye intaneti yako, kila moja, ndipo zifutwe. Anayelipia data kwa kipimo ajue hivyo kabla hajaanza. Na chainstate ikiharibika, kwa mfano kompyuta ikizimika ghafla wakati inaandika, hakuna bloku za kuijenga upya. Unapakua tena tangu mwanzo. Kwa hiyo zima programu kwa utaratibu, na wakati wa kupakua mara ya kwanza ipe dbcache (sehemu ya RAM inayoshikilia orodha ya salio) kubwa kadiri RAM yako inavyoruhusu. Kwenye diski ya kuzunguka, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Mimi mwenyewe niliogopa kupogoa kwa muda mrefu, na kilichoniondoa hofu ni karatasi. Nilikuwa na ufunguo mmoja wa siri niliouandika kwa kalamu miaka mingi iliyopita, na sikukumbuka kama anwani yake bado ilikuwa na kitu. Nilipouingiza kwenye pochi, nodi yangu iliyopogolewa ikakataa kuchunguza historia: bloku za kipindi hicho hazipo. Nikakaa pale nikipiga hesabu ya kupakua GB mia kadhaa kwa ajili ya karatasi moja, nikiona kumbe walionionya walikuwa sahihi.

Kisha nikagundua amri ya scantxoutset. Hii haigusi bloku hata moja. Inapita kwenye orodha ya salio, mstari kwa mstari, ikitafuta anwani uliyoipa. Niliandika anwani ndani ya addr( ), nikabonyeza, nikasubiri dakika chache nikiangalia taa ya diski ikipepesa. Jibu likaja: salio mbili, zote za Oktoba 2017, kila moja na namba ya bloku yake. Nikatengeneza muamala kwa mkono, nikausaini kwa ufunguo wa kwenye karatasi, nikautuma kwenye pochi yangu ya sasa. Nodi isiyokuwa na bloku hata moja ya mwaka ule ilijua ninachomiliki, bila kumuuliza mtu. Na nilipotaka kuiona bloku yenyewe, kuna amri nyingine, getblockfrompeer, iliyokuja na toleo la 23 mwaka 2022: unaiomba bloku hiyo moja kutoka kwa nodi jirani, na nodi yako inaitambua kuwa ndiyo hasa kwa hashi yake, yaani alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe.

Tangu siku hiyo hesabu ya GB 600 hainitishi. Inayonitia wasiwasi ni namba ndogo zaidi, ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha.

Orodha ya salio haipogoleki. Bloku ya zamani unaweza kuifuta, lakini mstari wa orodha huwezi, kwa sababu mwenye ufunguo anaweza kuja kesho au baada ya miaka thelathini. Mwanzoni mwa 2023 orodha ilikuwa na mistari milioni 85 hivi. Mwaka 2024 ilikuwa imepita milioni 170, na chainstate ikavuka GB 10. Imeongezeka maradufu kwa muda mfupi kiasi hicho, na si kwa sababu watu wanaolipana waliongezeka maradufu. Sehemu kubwa ilitokana na michoro ya Ordinals (picha na data zinazobandikwa kwenye miamala) iliyoanza Januari 2023 na tokeni za BRC-20 zilizofuata, ambazo ziliacha mamilioni ya salio za satoshi mia chache tu (satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin), 330 au 546, kiasi ambacho ada ya kukitumia mara nyingi inakizidi chenyewe.

Orodha hii ndiyo nodi inayoisoma na kuiandika muda wote. Ikitosha kwenye RAM, nodi inakwenda mbio. Ikizidi, kila ukaguzi unaigonga diski, na kompyuta ya bei nafuu inaanza kuachwa nyuma. Faili za blk zilizolala kwenye diski ya pili hazimsumbui mtu. Chainstate inayonenepa inamsumbua kila mwenye nodi, aliyepogoa na asiyepogoa.

Kwa hiyo kwenye ule ugomvi mkubwa wa 2025, toleo la 30 la Bitcoin Core lilipopandisha kikomo cha OP_RETURN, sehemu ya muamala inayobeba data ya ziada, kwa chaguo-msingi kutoka baiti 83 hadi 100,000, mimi nilisimama upande wa waliokubali. Sipendi mtu kuweka picha kwenye daftari la fedha. Lakini nimeona wanachofanya wakizuiwa: wanaficha data ndani ya anwani bandia, na anwani bandia inaonekana na nodi kama sarafu halali, inaingia kwenye orodha, inakaa humo milele. Kilichoandikwa kwenye OP_RETURN hakiingii kabisa kwenye orodha, na bloku yake inaweza kupogolewa baada ya siku mbili hivi. Nikilazimika kuchagua uchafu wa kupita na uchafu wa kudumu, jibu langu ni rahisi. Wanaopinga wana hoja nzito kuhusu maudhui mabaya na kuhusu mtandao kutumika kinyume na kusudi lake, na siwaoni kama maadui. Ila hoja ya nafasi ya diski, ambayo wengine huiweka mbele, inaelekea upande mwingine.

Na wewe mwenye pochi una mchango. Ada zikiwa chini, kusanya vipande vyako vidogo viwe kimoja. Mistari ishirini inakuwa mmoja. Angalia tu usichanganye sarafu ambazo hutaki zijulikane kuwa za mtu mmoja.

Swali ninaloulizwa kila ninapotetea kupogoa ni hili: tukipogoa wote, nani atawapa wageni historia? Ni swali halali, na nadhani majibu ya minyororo mingine yanafundisha. Monero, tangu 2019, humwachia kila aliyepogoa sehemu moja kati ya nane ya data inayofutika, huku nodi tofauti zikibaki na sehemu tofauti, hivyo diski inapungua kwa karibu theluthi mbili na mtandao kwa pamoja bado unashikilia yote. Huo ni ustaarabu ninaoupenda kuliko mwingine wowote. Ethereum imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2025 programu zake za nodi zinaweza kuacha historia ya kabla ya Septemba 2022, na hapo mtu anaokoa GB 300 hadi 500. Anayetaka historia hiyo anaipata kwa njia nyingine, nje ya mtandao wa kawaida wa nodi, na anaweza kuithibitisha kwa hashi. Bitcoin yenyewe haijafika huko, na maadamu maelfu ya nodi bado zinatunza kila kitu, nafasi ya kupogoa ipo tele.

Kuhusu kuanza haraka, AssumeUTXO ya James O'Beirne imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Toleo la 28 la Oktoba 2024 linakuwezesha kupakia picha ya orodha ya salio ilivyokuwa kwenye bloku ya 840,000, ukaanza kutumia nodi mapema, huku historia nzima ikikaguliwa taratibu nyuma ya pazia. Hashi ya picha hiyo imeandikwa ndani ya programu, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuletea picha ya uongo. Uache tu ukaguzi umalizike; atakayeuzima katikati amerudi kwenye kuamini. Utreexo, iliyopendekezwa na Tadge Dryja mwaka 2019, inaligusa tatizo langu hasa: orodha nzima inafupishwa kuwa hashi chache zisizofika kilobaiti moja, na anayetumia sarafu ndiye analeta ushahidi kwamba ipo. Gharama inahamia kwenye intaneti, maana ushahidi una uzito wake. Mwenye bando finyu ataumia. Lakini hiyo ndiyo njia pekee ninayoiona ambayo inaigusa orodha yenyewe badala ya kupogoa pembeni yake.

Kwangu mimi mpangilio ni huu. Kompyuta mpakato ina nodi iliyopogolewa, prune=10000, ili nibaki na bloku za mwezi mmoja hivi bila kubanwa. Kwenye kabati kuna kompyuta kuukuu yenye diski ya nje, na hiyo imetunza kila faili tangu blk00000.dat, iko wazi kwa wageni, maxuploadtarget nimeiwekea kikomo ili isimalize intaneti ya nyumba. Ya kwanza ndiyo ninayoiuliza ninapolipwa. Ya pili huwa naikagua jioni, na mara nyingi naikuta inampelekea mtu nisiyemjua bloku za 2014, moja baada ya nyingine.