Taka za mkonge zingeendesha malori yetu ya semi

Nilianza barabarani nikiwa utingo, Dar hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Mlima Kitonga tulikuwa tunaupanda kwa gia ya kwanza, moshi unaingia hadi ndani ya kebini, usiku nakohoa. Leo niko Trondheim, Norwei, nabeba samaki aina ya salmoni kupeleka Oslo, na gari langu linatembea kwa gesi iliyotokana na samaki hao hao.

Sitii chumvi. Pale Skogn, mwendo wa saa moja hivi, kuna kiwanda kilichofunguliwa 2018 jirani na kiwanda cha karatasi. Mabaki ya samaki wa vizimbani na maji machafu ya karatasi yanachachushwa kwenye matangi yasiyoingiza hewa, gesi inasafishwa ibaki methani, kisha inapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri iwe kimiminika. Kuijaza kunataka utulivu: glavu nene, kioo cha kukinga uso, na ukichomoa mpira unakuta umeota barafu nyeupe. Nikishajaza, nafika Oslo sijagusa sheli nyingine.

Naulizwa mbona si umeme. Basi la mjini, sawa. Ila tani 50 kupanda milima ya Dovre wakati wa baridi, mimi nachagua gesi.

Kinachoniuma ni kwamba nyumbani malighafi inaoza. Kwenye jani la mkonge singa, yaani nyuzi zake, hazifiki hata asilimia 5. Kilichobaki kinatoka korona, mashine ya kuchambua singa kwenye jani, pamoja na maji yake, kinarundikana, kinanuka, na methani inapanda bure angani, nayo inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kaboni daioksaidi. Hale, Tanga, mtambo wa kupata umeme kwa taka hizo ulishajengwa, kwa hiyo si jambo geni kwetu. Na bajaji za Dar zinajaza gesi asilia kila siku. Methani ni ile ile, mitungi ile ile. Bomba la gesi halijafika Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, na si lazima lifike: gesi izalishwe shambani, tope linalobaki lirudi kwenye mkonge kama mbolea.

Mtambo ni ghali, sikatai, na ukiachwa uvuje hasara yake ni kubwa, kwa hiyo mafundi wafunzwe kwanza. Lakini kati ya vituo vya gesi vinavyojengwa sasa, naomba kimoja kiwekwe Segera. Malori ya Tanga na Arusha yanapita pale usiku na mchana, na mkonge uko jirani.