Msimkate Du Fu nusu

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mhamasishaji mmoja, nyuma yake picha ya mlima, anasoma mistari ya Du Fu, mshairi wa China wa karne ya nane: siku moja nitafika kileleni, na milima mingine yote nitaiona midogo. Kisha anawageukia vijana: otani makubwa hivi, mtawapita wote. Imeniudhi, na nimeshindwa kunyamaza.

Shairi hilo la Mlima Tai Du Fu alilitunga akiwa kijana, mtihani wa serikali umeshamwangusha. Sawa, kijana ana haki ya kujiona. Lakini ukitaka kujua alikuwa anapanda kwenda wapi, soma shairi lake la mwaka 755, ameshapita miaka 40.

Wakati huo amesota Chang'an, mji mkuu, takriban miaka 10 akibisha hodi kwa wakubwa, na alichoambulia ni kazi ya kushika funguo za ghala la silaha. Anatoka usiku wa manane kwenda Fengxian kuiona familia yake. Baridi imekaza hadi mkanda wa nguo unakatika na vidole vimekakamaa, hawezi kuufunga. Njiani anapita Mlima Li, ambako mfalme Xuanzong anastarehe kwenye chemchemi za maji moto. Muziki unasikika, wageni wanakaribishwa supu ya kwato za ngamia. Ndipo anaposema kwamba nyuma ya malango mekundu nyama na pombe zinanuka, na barabarani imelala mifupa ya waliokufa kwa baridi.

Anafika nyumbani, anakuta kilio. Mtoto wake mdogo amekufa kwa njaa.

Kinachofuata kisomeni taratibu. Anasema anaona aibu kuitwa baba. Halafu, msiba ukiwa bado mbichi, anakumbuka kwamba yeye halipi kodi wala haandikishwi jeshini. Kama yeye yamemfika haya, je, mtu aliyepoteza shamba? Je, askari aliyeko mpakani? Mtu amefiwa na mwanawe, na bado moyo wake unawatafuta wengine! Mwanzoni mwa shairi hilohilo ameshatuambia alichokitamani maisha yake yote: kuwa kama Ji na Xie, mawaziri wa kale waliowatumikia watu. Wasomi wenzake walimcheka. Hiyo ndiyo ndoto yake kubwa, na ndani yake hamna mtu wa kupitwa.

Si yeye peke yake. Mwaka 807 Bai Juyi, mshairi mwingine aliyekuwa ofisa mdogo, alisimama akitazama wavuna ngano. Pembeni yao alikuwapo mwanamke amembeba mtoto, mkono mmoja anaokota masuke yaliyodondoka, mwingine umening'iniza kikapu kibovu. Mavuno ya shamba lake yote yameishia kwenye kodi. Bai Juyi anautaja mshahara wake mwenyewe, na anaona haya.

Najua nitaletewa Tao Yuanming, mshairi wa kabla yao, aliyeacha ukuu wa wilaya ya Pengze mwaka 405, baada ya siku kama 80, akakataa kumwinamia mkaguzi kwa ajili ya posho ya mchele, akarudi kulima. Shingo upande nakubali: kuna usafi unaopatikana kwa kuondoka tu, na mashairi yake nayapenda. Lakini hata huyo hakuondoka ili awe juu ya mtu.

Kwa hiyo ndugu mhamasishaji, kama ni lazima Du Fu, wasomee vijana shairi lake la Chengdu la mwaka 761. Upepo umeezua paa lake la nyasi, watoto wa kijiji wanakimbia nazo mianzini, yeye anapiga kelele hadi midomo inakauka. Usiku mvua inavuja, blanketi kuukuu ni baridi kama chuma. Na saa hiyohiyo anatamani nyumba ya vyumba maelfu kwa maelfu ya kuwasitiri wasomi wote fukara duniani. Ikisimama hiyo, chake kibanda na kivunjike, afe kwa baridi, ataridhika. Soma hilo, na usilikatishe kabla ya mstari wa mwisho.