Plagi Namba Tatu Itaniua

Jamani Mombasa hii kila mtu ni fundi. Gari ikiwa nzima hakuna anayekujua, ngoja sasa ikohoe kidogo pale feri uone, muuza kahawa ni fundi, wa viazi karai ni fundi, hata bi mkubwa na kapu lake la samaki atakuinukia mkono: "Mwanangu, hiyo plagi hiyo!" Ahsante bibi, ile ya kutoa cheche ya kuwasha petroli, hilo lishafika.

Pikapu yangu ni Datsun 1200, ile ya kabureta, kuukuu hasa, nabebea nazi kutoka Msambweni hadi Kongowea. Na ugonjwa wake una adabu mbaya. Barabarani huku Ukunda inavuta freshi, mzigo umejaa, mimi naimba. Nikifika foleni ya Likoni sasa, tumekaa, jua lile, injini inanguruma polepole bila kwenda popote manake nikizima kuiwasha tena ni mpaka dua, mwishowe tunavuka, sasa kutoka kwenye feri kupanda ule mlima wa upande wa kisiwani ndio bup, bup, bup, gari yote inatetemeka na nazi zinagongana huko nyuma, silinda tatu zinafanya kazi, ya nne imekaa inatazama. Nyuma yangu matatu inapiga honi kana kwamba mimi napenda.

Nikifungua plagi za silinda zote nne, mbovu ni ya namba tatu. Kila mara namba tatu! Zile nyingine zina rangi ya kahawia nzuri tu, kavu. Hii nyeusi tii, imelowa oili, inateleza vidoleni, na pale katikati ya ncha penye nafasi ya cheche pamezibwa na uchafu kabisa. Naipiga msasa, naiosha na petroli, inakubali siku mbili tatu hivi kisha inarudia yale yale. Mwenye duka la spea alifika mahali akiniona tu natokea kona mkono wake ushakwenda kwenye rafu, hata salamu hakuna. Siku moja akaniuzia ati ya moto zaidi, yaani ncha yake hukaa na joto kali zaidi, itachoma oili yenyewe. Na hapo pia mtihani, NGK namba ikishuka ndiyo plagi inakuwa ya moto, Bosch namba ikipanda ndiyo ya moto, sasa hawa watu walishindwa nini kukaa kikao kimoja wakaelewana? Ile ya moto ilivumilia kidogo kuliko wenzake, lakini nikibeba mzigo mzito injini inaanza kugongagonga, nikaitoa haraka kabla haijanitoboa pistoni.

Mafundi nao. Mmoja hakuinua hata boneti, alisikiliza akiwa amejilaza kwenye kiti, akasema "oveholi", yaani injini yote ifunguliwe, akarudi kulala. Mwingine akashika kabureta, ati inamwaga. Bwana wee, kabureta moja inalisha silinda zote nne, ingekuwa inamwaga si plagi zote zingekuwa nyeusi, tena nyeusi kavu ya masizi, si hii ya kulowa oili? Hakutaka kusikia. Kijana mmoja ndiye kiboko, alichomoa waya zote za plagi kwa pamoja kisha akazirudisha 1-2-3-4 kwa mstari ati ndio mpangilio, na hii injini silinda zake zinawaka kwa zamu 1-3-4-2, kupiga stati kabureta ikapiga chafya ya moto, sharubu zake mpaka leo upande mmoja ni mfupi.

Mwisho nikampata mzee mmoja wa Changamwe, mtu hasemi. Akachukua plagi ya namba tatu akaiweka namba moja, ya namba moja akaileta tatu, akanambia "nenda feri urudi". Nikarudi, namba tatu tena imelowa, ile aliyoihamisha huko moja kavu. Kwa hivyo plagi haina kosa, miezi yote hiyo tunamnyonga asiye na hatia. Akabadilisha waya, vile vile. Magharibi ilipoingia akazima taa ya gereji, akafungua boneti tukachungulia injini ikiwaka gizani, manake chumvi ya pwani hii inakula kila kitu na waya ikipasuka unaona vicheche vya buluu vinatembea juu yake. Hakuna kitu, giza tu. Akapima kompresheni, ile nguvu ya kila silinda kukandamiza hewa, zote nne hazipishani hata asilimia 10, basi ringi za pistoni zinazozuia oili isipande ziko sawa na yule wa oveholi aendelee kulala.

Kisha akaniuliza swali moja tu. "Ukipita Dongo Kundu inamisi?" Nikakaa kimya. Ile barabara ya kuzunguka bila foleni ya feri, haimisi, haina bup bup! Nilidhani inachukia feri. Akanambia injini ikinguruma bila kukanyagwa, mlango wa hewa umefungwa, mvuto wa ndani unakuwa mkali, na sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili, zikiisha oili inafyonzwa kupitia shina la valvu inadondokea silinda, kidogo kidogo foleni nzima. Ukienda mbio moto unaichoma. Na ule moshi wa buluu unaotoka asubuhi nikiiwasha, kumbe ni oili hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe wallahi niliogopa. Ametoa plagi, akaanza kuingiza kamba ya nailoni kwenye tundu lake, anaisukuma tu inaingia inaingia, nikamwambia mzee wangu hiyo ni injini si kisima. Akanitazama. Kisha akazungusha injini kwa spana kwenye puli, pistoni ikapanda ikaikandamiza kamba, kamba ikashikilia valvu zisianguke ndani, hapo ndio akatoa springi na zile sili bila kushusha hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda. Mpira wake ulikuwa umekakamaa kama ng'onda. Akarudia zote nne, akaweka plagi mpya amezipima nafasi ya cheche kwa geji, milimita 0.8, si kwa ukucha kama wale wengine.

Jana nimekaa foleni ya Likoni mpaka nimemaliza madafu mawili na mlima nimeupanda ninaimba. Pale juu muuza kahawa akanipungia: "Si nilikwambia ni sili!" Huyu huyu aliyesema plagi. Na leo nimepita kwa yule wa spea, akatoka mpaka mlangoni kuniuliza mbona sionekani, kwani naumwa?