Tatu City na ploti za hamsini kwa mia

Kila Tatu City inapotajwa, mazungumzo huanzia kwenye mibuni. Mji huo unajengwa na kampuni binafsi ya kigeni, Rendeavour, katika ekari 5,000 zilizokuwa mashamba ya kahawa karibu na Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Tangu ulipozinduliwa mwaka 2010 lawama ya kwanza dhidi yake imekuwa ileile: kwamba matajiri wamekuja kung'oa zao lililosomesha watoto wa Kiambu na kupanda zege mahali pake. Ni lawama yenye uchungu wa kweli, na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, inaulinganisha mji huo na kahawa ambayo ilikuwa imekwisha kufifia kabla ya tingatinga la kwanza kufika.

Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 129,000 za kahawa. Katika miaka ya karibuni mavuno yamekuwa tani 50,000 hivi kwa mwaka, na kuna misimu ambayo hayakufika hata 40,000. Mfumo wa mgao wa soko chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989, bei zikaporomoka, vyama vya ushirika vikazama katika madeni na ubadhirifu, na mkulima aliyekaa akingoja malipo ya msimu mmoja hadi msimu mwingine kuanza akaanza kulitazama shamba lake kwa jicho jingine. Karibu na Nairobi jicho hilo liliona mbali zaidi, kwa kuwa ekari ya mibuni hailipi hata kidogo kile inacholipa ekari hiyohiyo ikikatwa vipande.

Namna inavyokatwa ndiyo inayosahaulika katika mjadala huu. Mwenye shamba huuza kwa kampuni ya ploti, mpimaji huchora vipande vya futi 50 kwa 100, yaani nane katika kila ekari kama watu wanavyohesabu, vigingi hupigwa, hatimiliki hutolewa, na kuanzia hapo kila mnunuzi yuko peke yake. Atachimba kisima au atangoja lori la maji, kisha atachimba shimo la choo hatua chache kutoka kisima hicho au kutoka cha jirani. Barabara huachiwa upana ambao muuzaji aliona hautamlia ploti nyingi. Shule haina mahali, wala zahanati, wala soko, wala uwanja wa watoto kuchezea, kwa sababu kila kipande kinachotengwa kwa ajili ya umma ni kipande ambacho muuzaji hakupata bei yake. Miaka kumi baadaye majengo ya ghorofa sita ya vyumba vya kupangisha yamesimama mahali palipopimwa nyumba ya familia moja, na majitaka yanapita katika mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mvua.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 Ruiru, na ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Ongezeko hilo ni zaidi ya watu 251,000. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, kwa sababu Tatu City yenyewe, mji unaosemwa kwamba umekuja kuimeza Ruiru, umekusudiwa kuwa na wakazi 250,000 siku utakapokamilika. Mji mzima wa ukubwa huo, basi, ulikwisha kuongezeka Ruiru katika miaka kumi tu, bila uzinduzi, bila mpango uliowekwa mezani ili watu waupinge au waukubali, na kwa kuwa haukupewa jina, hakuna aliyeandika makala ya kuuliza kahawa imekwenda wapi. Wengi wa wakazi wake ni watu wa kipato cha kawaida walioshindwa na kodi za Nairobi, na Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 iliwawezesha kulala Ruiru na kufanya kazi jijini. Walihitaji mahali pa kuishi na wakapata, na hilo si jambo dogo. Lakini gharama ya kujenga bila mpango haikufutika kwa kuwa hakuna aliyeiandika. Kupitisha bomba la majitaka chini ya mtaa uliokwisha kujengwa ni habari ya fidia, ubomoaji na kesi za miaka mingi, na watakaoilipa ni wakazi haohao, wale wenye uwezo mdogo kabisa wa kuilipa.

Tatu City ilianza na barabara, mabomba na nyaya za umeme, nyumba zikafuata. Ina viwanda na maghala ndani ya eneo maalum la kiuchumi lililotangazwa mwaka 2017, ina shule, na ina kituo kikubwa cha kuhudumia wateja wa ng'ambo kwa simu. Maana yake ni kwamba wapo watu wanaofanya kazi karibu na wanakolala, jambo ambalo mitaa ya ploti iliyoizunguka Nairobi imeshindwa kuwapa wakazi wake.

Najua linalofuata: kazi za nani, na shule za nani? Karo za shule zilizomo si za mtoto wa kibarua aliyechuma kahawa katika mashamba yale, na nyumba nyingi zimelenga tabaka la kati na walio juu yake. Kampuni zilizomo katika eneo maalum hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, ilhali kampuni nyingine za humu nchini hutozwa 30, na mwananchi ana haki ya kuuliza anapata nini badala ya tofauti hiyo. Hayo nayakubali. Lakini ni kasoro za sera, na sera hurekebishwa kwa urahisi zaidi kuliko mtaa uliokwisha kujengwa vibaya.

Hoja ya historia ni nzito kuliko hiyo. Serikali ya kikoloni iliipokonya Kiambu sehemu kubwa ya ardhi yake mwanzoni mwa karne ya 20 ikawagawia walowezi, na Waafrika wakazuiwa kwa miongo kadhaa hata kulima kahawa yao wenyewe. Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa kadhaa yalibaki mikononi mwa kampuni. Anayesema kwamba ardhi hiyo haikurudi kwa wenyewe anasema kweli, na kifungu cha Katiba ya 2010 kinachompa asiye raia miaka isiyozidi 99 ya kukodi ardhi hakimtulizi mjukuu wa aliyefukuzwa. Sioni jinsi mji wowote unavyoweza kukiponya kidonda hicho. Ninachokataa ni kukitumia kuitetea mibuni, maana shamba lile la kahawa ndilo lililokuwa sura yenyewe ya unyang'anyi huo, na kuliacha kama lilivyokuwa kusingemrudishia mtu hata hatua moja ya ardhi ya babu yake.

Kinachonikosesha amani ni utawala. Chini ya sheria ya miji na majiji ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, eneo lenye wakazi 250,000 limefikia idadi inayotakiwa ili litangazwe kuwa jiji. Tatu City ikikamilika kama ilivyopangwa, itakuwa na watu wa kutosha kuitwa jiji, huku ada, kanuni za ujenzi na ruhusa ya kupita langoni zikiamuliwa na kampuni. Mkazi wake atapiga kura kumchagua mwakilishi wadi kama jirani yake wa Ruiru, lakini barabara anayopita na maji anayokunywa havimo mikononi mwa mwakilishi huyo. Mtu akinunua nyumba leo huenda asione tatizo, kwa kuwa taa zinawaka na takataka zinazolewa. Ataliona siku atakapotaka kupinga uamuzi, akakuta mahali pa kwenda ni idara ya huduma kwa wateja.

Tulikwisha kuona dalili zake. Mwaka 2024 wasimamizi wa Tatu City walijitokeza hadharani kumtuhumu gavana wa Kiambu kwamba alidai ardhi kabla ya kuidhinisha mpango wao mkuu, na gavana akakana. Si kazi yangu kuamua nani alisema kweli. Kinachosikitisha ni kwamba swali lililokuwa chini ya ugomvi huo, yaani ni ekari ngapi za mji wa watu robo milioni ziwe mali ya umma, na ziwe wapi, liliwafikia wananchi kama mabishano mbele ya waandishi wa habari, ilhali ni swali lililostahili kujadiliwa na wakazi wa Ruiru katika mkutano wa wazi, ramani ikiwa ukutani.

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inairuhusu kaunti kutoa kibali cha ujenzi kwa masharti, na nguvu za wanaoipinga Tatu City zingefaa kuelekezwa huko. Sharti mojawapo lingekuwa bomba la majitaka lenye upana wa kupokea pia ya mitaa jirani. Jingine lingekuwa shule ya umma ndani ya mpango, na barabara ambazo mtu wa Ruiru anaweza kuzipita bila kuulizwa kitambulisho. Na la mwisho lingekuwa tarehe, iliyoandikwa, ya kuanza kuukabidhi usimamizi wa mji kwa baraza linalowajibika kwa wakazi. Yote hayo yataigharimu kampuni fedha, na kampuni itayapinga. Hata hivyo ipo, ina anwani, ina ardhi ambayo bado haijauzwa, na inahitaji vibali zaidi. Katika mtaa wa ploti ulio ng'ambo ya ukuta hakuna wa kumwekea sharti lolote: aliyeuza amekwisha kuondoka na fedha zake, na sasa anapiga vigingi katika shamba jingine la kahawa.