Pikapu ya Petroli Haijahukumiwa kwa Haki

Miongoni mwa wafanyabiashara wa Nairobi, swali la injini ya pikapu huwa limekwisha kujibiwa kabla halijaulizwa: pikapu ni dizeli, na petroli ni ya gari la kwenda kanisani. Anayenunua pikapu ya petroli huulizwa kwa upole ni nani aliyemshauri, na fundi wake wa kwanza humwambia kwamba atalia kwenye kituo cha mafuta. Hukumu hii si ya kipumbavu, kwa kuwa ina misingi ya kweli, lakini imerithiwa kutoka kwa injini za aina fulani, barabara za aina fulani na kazi za aina fulani. Mwenye kusambaza mikate kutoka Kariobangi hadi maduka ya Eastlands ameipokea kama ilivyo, ingawa kazi yake haifanani hata kidogo na ya anayebeba mawe ya Ndarugo au miraa ya Meru.

Haki ya dizeli itajwe kwanza, maana ni nzito. Injini ya dizeli haitumii plagi kuwasha mafuta. Huibana hewa mara kumi na tano au zaidi hadi ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe, ilhali injini ya kawaida ya petroli huibana mara kumi hivi. Mbano huo, pamoja na ukweli kwamba lita moja ya dizeli ina nishati kuipita lita ya petroli kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ndiyo sababu dizeli huenda mbali zaidi kwa lita ileile. Nguvu ya kuvuta nayo huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Tukichukua Toyota Hilux kama mfano, injini ya petroli ya lita 2.7 hutoa takriban nyutoni-mita 245 (ndicho kipimo cha nguvu ya kuvuta), nayo ile ya dizeli ya lita 2.4 yenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hufikia nyutoni-mita 400 katika matoleo yake mengi, ijapokuwa kwa kilowati, yaani nguvu ya juu kabisa ya injini, ya petroli ndiyo iliyo mbele.

Nairobi yenyewe inaongeza pengo hilo kwa namna ambayo watetezi wa petroli hupenda kuiruka. Jiji liko kati ya mita 1,700 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya sehemu moja ya sita na sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Zile nyutoni-mita 245 za kwenye karatasi hukaribia 200 zinapofika hapa, na ukipanda Limuru na mzigo zinapungua tena. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Hata foleni, ambayo wengi huitaja kama hoja ya kuchagua petroli, kwa upande wa mafuta inaitetea dizeli, kwa sababu injini ya dizeli iliyosimama ikinguruma hutumia mafuta machache kuliko ya petroli katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo anayebeba tani moja kila siku kupanda milima, au anayevuka kaunti tatu kabla ya chakula cha mchana, hana haja ya kuendelea kubishana. Anunue dizeli. Tatizo ni kwamba watu wa aina hiyo ni wachache kuliko pikapu za dizeli zinazosimama saa nzima Jogoo Road zikiwa na kreti kumi za soda na ngazi ya fundi wa umeme.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo hoja inayotamkwa kwa uhakika mkubwa kuliko zote. Katika bei ambazo Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, ilitangaza kwa Nairobi kuanzia katikati ya Januari 2025, petroli ilikuwa shilingi 176.58 kwa lita na dizeli 167.06. Tofauti ni shilingi 9.52. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni tofauti hiyo inatoka wapi. Ushuru wa bidhaa peke yake ulikuwa takriban shilingi 21.95 kwa lita ya petroli na 11.37 kwa lita ya dizeli, yaani pengo la shilingi 10.58, kabla ya kodi ya thamani ya asilimia 16 kuongezwa juu yake. Kwa maneno mengine, pengo la ushuru lilikuwa kubwa kuliko pengo lote la bei kwenye pampu. Unafuu huo wa bei ya dizeli haukutoka kwenye kisima wala kwenye meli. Ulikuwa uamuzi wa Hazina, wenye sababu zake njema, kwa kuwa dizeli ndiyo inayosafirisha chakula na abiria, lakini ni uamuzi unaoweza kubadilishwa katika mswada wowote wa fedha. Pikapu hununuliwa kwa miaka kumi, na katika miaka kumi bajeti husomwa mara kumi.

Hata hivyo tuache kubahatisha siasa, tuuchukue ushuru huo kama utadumu, kisha tupige hesabu ya mtu wa kawaida. Tuseme pikapu yake ya petroli inakwenda kilomita 8 kwa lita mjini, na ya dizeli kilomita 10.5, ambao ni ukarimu wa kutosha kwa dizeli. Tuseme pia anatembea kilomita 40 kwa siku, siku ishirini na tano kwa mwezi, jumla kilomita 1,000. Kwa bei zile za Januari 2025, petroli ingemgharimu takriban shilingi 22,070 na dizeli shilingi 15,910. Ameokoa kama shilingi 6,160 kwa mwezi, na hapo ndipo mazungumzo ya kijiweni huishia, watu wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

Lakini pikapu ya dizeli haiuzwi kwa bei ya ile ya petroli ya umri na hali sawa. Kila mnunuzi na aweke tofauti aliyoikuta sokoni. Mimi nitaweka shilingi 500,000 kwa ajili ya hesabu tu. Katika nusu ya pili ya 2024 benki za Kenya zilikuwa zikikopesha kwa wastani wa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza juu ya hiyo nusu milioni ya ziada ni shilingi 80,000, sawa na shilingi 6,667 kwa mwezi. Mtu wetu anaokoa 6,160 kwenye pampu na kulipa 6,667 benki, kabla hajarudisha hata shilingi moja ya mkopo wenyewe. Ni kweli kwamba riba hupungua kadiri deni linavyopungua, na ni kweli kwamba sehemu ya ile nusu milioni itarudi siku atakapoiuza pikapu. Lakini siku hiyo iko mbali, na duka lake linahitaji mtaji sasa. Mwenzake anayekwenda kilomita 100 kwa siku angeokoa kama shilingi 15,400 kwa mwezi, na kwake hesabu inageuka kabisa. Kwa hiyo kilomita ndizo zinazoamua, wala si ukubwa wa bodi ya nyuma.

Hesabu hiyo bado haijaingiza gereji, na hapa ndipo naona petroli imeonewa zaidi. Sifa ya ugumu ambayo dizeli inayo mitaani ilijengwa na injini kama 3L na 5L za Toyota na wenzao wa Isuzu: pampu isiyo na kompyuta, hakuna turbo, nozeli za kunyunyizia mafuta zinazofunguka kwa shinikizo la bar mia na ushei. Injini hizo zilivumilia mafuta mabovu, chujio lililosahaulika na fundi wa jua kali mwenye spana tatu. Zilistahili heshima wanayopewa wazee. Lakini dizeli anayoonyeshwa mnunuzi wa leo ni ya komoni reli, yaani yenye bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote, ambamo pampu husukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600, na katika nyingine zaidi ya 2,000, kupitia nozeli zenye nafasi za ndani nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Vyombo hivyo hulainishwa na mafuta yaleyale vinavyoyapitisha. Mafuta yakikosa ulaini, au yakiwa na maji, chuma husaga chuma, na vipande vidogo vya pampu husafiri hadi kwenye nozeli zote nne. Katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, tofauti kati ya bei ya seti ya plagi na bei ya seti ya nozeli za komoni reli inatosha kumfanya mtu akae chini kwanza.

Yaani mnunuzi anauziwa injini mpya kwa sifa za injini ya zamani.

Suala la mafuta machafu halikuzuliwa ili kuwatisha watu. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ndani ya dizeli ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa yana ulaini mdogo kuliko dizeli, lakini yanakaribiana nayo kwa tabia kiasi kwamba gari halilalamiki mara moja. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, injini huanza kugonga mapema na dereva hujua. Tozo ilifanya kazi yake kwa muda. Katika bei za Nairobi za kuanzia katikati ya Oktoba 2023, mafuta ya taa yalikuwa shilingi 205.06 na dizeli 205.47, tofauti ya senti 41, ambayo haiwezi kumlipa mchanganyaji hata gharama ya ndoo. Lakini tazama Januari 2025: mafuta ya taa 151.39, dizeli 167.06. Tofauti ya shilingi 15.67 ilikuwa imerudi. Sidai kwamba uchanganyaji umerudi kwa kiwango kilekile, na EPRA hupima mafuta ya vituo. Ninachosema ni kwamba kishawishi kilikuwa kimerudi, na atakayekilipia ni mwenye komoni reli, si mwenye plagi nne. Tangu 2015 dizeli inayoingia nchini imekuwa safi zaidi, salfa ikiwa imeshushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hayo ni maendeleo makubwa. Usafi wa bandarini, hata hivyo, si lazima ufike hadi tangi la kituo cha pembeni.

Kisha kuna safari fupi. Pikapu nyingi za dizeli zilizotengenezwa kwa masoko yenye sheria kali za moshi zina chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo, na kazi hiyo huhitaji injini iwe na moto kwa muda na gari liwe mwendoni. Pikapu inayokwenda Gikomba, inasimama, inakwenda Marikiti, inasimama, na jioni inalala South B, haipati nafasi hiyo hadi taa ya onyo iwake. Wengi hapo huenda kwa fundi akalitoboa au kuling'oa chujio, na moshi ukawarudia wapita njia. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2012, jambo ambalo halimo katika hesabu ya mnunuzi yeyote niliyewahi kumsikia, na kwa kuwa halimtoki mfukoni sitajifanya kwamba litaingia.

Jambo la kushangaza ni kwamba Nairobi imekwisha kuikubali petroli kwa kazi ngumu bila kukiri. Probox, gari dogo la Toyota lenye injini ya petroli ya lita 1.5, hubeba mahindi, mabomba, milango na wakati mwingine ukoo mzima, na hakuna anayeuliza kwa nini si ya dizeli. Likitajwa neno pikapu ndipo imani ya zamani huamka.

Kwa maoni yangu, basi, anayezunguka ndani ya jiji chini ya kilomita 50 hivi kwa siku na mzigo usiojaa bodi, hasa kama ananunua kwa mkopo, anapaswa kuanza na petroli na kuidai dizeli ijithibitishe. Anayezidi hapo maradufu, au anayepanda milima amejaza, afanye kinyume. Kesi ngumu ni ya yule wa katikati, ambaye siku tano za wiki anasambaza bidhaa kati ya Industrial Area na Ruiru, na mara moja moja anapeleka mbolea na mabati kwao Murang'a. Huyu mara nyingi hununua dizeli kwa ajili ya ile safari moja anayoikumbuka kuliko nyingine zote. Namshauri aandike kilomita zake za mwezi mzima, akitenga zile alizokwenda na mzigo kamili na zile alizokwenda na bodi tupu au nusu. Kama safari za mzigo kamili hazizidi mbili tatu kwa mwezi, na akodi kanta, lile lori dogo, kwa siku hizo.