Embe liko wapi humu?

Jamani, kopo lina picha ya embe, mbona embe lenyewe silioni? Jana jioni hapa Malindi, joto limenibana, mhudumu kaniletea bia ya kigeni. "Kaka, hii mpya, ya embe, chachu kidogo." Kidogo! Funda la kwanza tu taya zikabana, jicho moja likajifunga lenyewe. Rangi ya chungwa iliyopauka, povu likafa kabla sijatua bilauri mezani, harufu kama ganda la embe lililoshinda juani. Utamu hakuna. Nakaa mji ambao embe ngowe likiiva maji yanakutiririka hadi kiwikoni, halafu niuziwe kivuli chake?

Uchachu wenyewe si dhambi, najua. Wabelgiji huloweka cheri ndani ya bia yao chachu iitwayo lambiki miezi na miezi, Berlin wana yao chachu wanaitia sharubati, na bakteria wanaoichachua ni ndugu wa wale wa maziwa lala. Hata mnazi wetu: asubuhi mtamu, jioni umeshageuka mkali, na bei haimtoi mtu jasho. (Wala mgema hachori embe kwenye kibuyu.)

Kinachoniudhi ni hilo neno "ladha". Ladha ya embe, ladha ya karakara, ladha ya nanasi, na zote nilizoonja ni ndimu tupu. Bei sasa, ya bia tatu za kawaida! Nikaomba kubadilishiwa.

"Haiwezekani kaka, ishafunguliwa."

Na aliyeifungua ni nani?