"With" ilipokuwa na maana ya kupinga

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari lenye mstari mwekundu. Neno "withstand" alikuwa amelitafsiri "kusimama pamoja na". Mwalimu alikata, akaandika pembeni "kuhimili". Kijana hakubishia jibu. Alitaka kujua sababu, maana tangu shule ya msingi ameambiwa "with" ni "pamoja na" na "stand" ni "kusimama".

Sababu iko kwenye Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Wakati huo "with", ikiandikwa "wið", ilibeba hasa maana ya kukabili na kupinga. Kazi ya "pamoja na" ilikuwa ya neno jingine, "mid", ambalo mabaki yake yamo ndani ya "midwife", mkunga: mwanamke aliye pamoja na mzazi. Kwa hiyo "withsay" ilikuwa kukana au kupinga kwa kauli, na "withset" na "withsit" zote zilihusu kugomea. Maneno hayo yamekufa. "Withstand" ni ndugu yao aliyebaki hai.

Maana iligeukaje? Kiswahili chenyewe kinatuonyesha. Ukisikia "mzee yule alipigana na Wajerumani", huenda alikuwa mpiganaji wa Majimaji mwaka 1905, au askari wao katika vita vya 1914. "Na" yetu inabeba adui na mwenzako kwa pamoja. "Fight with" ya Kiingereza ilipita njia hiyohiyo, mpaka "with" ikachukua nafasi ya "mid".

Wapo wanaoona kumfundisha mwanafunzi mambo haya ni kumtwisha mzigo. Hoja yao ina uzito. Hakuna atakayemwambia "withsay" maishani mwake, kwa kuwa Kilatini kilileta "contradict", ambayo imeundwa vilevile: "contra" ni dhidi, "dicere" ni kusema. Tena kiambishi chenyewe hakina msimamo. Kwenye "withdraw" maana yake ni kurudi nyuma, si kupinga. Vitenzi vilivyobaki kwenye matumizi ya kila siku havizidi vitatu, na kanuni ya maneno matatu ni afadhali kuyakariri tu.

Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono mpaka mwisho. Hayo matatu si maneno ya pembeni. "Withdraw" mtu anaikuta kwenye mashine ya benki kila anapotoa hela. "Withholding tax", ambayo Tanzania tunaiita kodi ya zuio, ni fedha inayokatwa kabla malipo hayajakufikia mkononi: imeshikwa nyuma. Mwanafunzi anayejua tu "pamoja na" ataona mkanganyiko mtupu. Anayeijua "withsay" kwa dakika tano ataona ukoo. Na faida inazidi hapo: "drawing-room" ya majumba ya Waingereza haihusiani na kuchora, ni ufupisho wa "withdrawing-room", chumba cha kujitenga.

Ila kuyafufua sikubali. William Barnes, mshairi wa Dorset wa karne ya 19, alitaka Kiingereza kirudie mizizi yake, grammar iitwe "speechcraft". Namheshimu kwa kuipenda lugha yake kiasi hicho, lakini watu walishazoea maneno mengine. Mpwa wangu akiandika "withsay" kwenye insha, msahihishaji atamkata, na atakuwa na haki. Maneno haya ayajue kama mashahidi wa yale yaliyo hai.

Nilimwambia hivyo, akaandika "dhidi, nyuma" pembeni mwa ule mstari mwekundu. Kisha akaniuliza kuhusu "within". Hapo ufunguo wetu haufungui: neno hilo liliungwa kutokana na "wið" na neno la kale la "ndani", na halina upinzani wowote. Nalo akaliandika, mstari wake peke yake.